Kabati la vyombo kwa nyumba ya Kihindi: kuanzia sinia hadi taa

Makabati mengi ya vyombo huharibika kabla mbao hazijakatwa. Mwenye nyumba humwita seremala, humwonyesha picha aliyoipenda kwenye simu, ukuta unapimwa, bei inatajwa, kazi inaanza. Likishasimama linang'aa kweli, lakini masinia hayaingii. Sahani za mlo zimeinamishwa ili mlango ufungike, birika la chai limehamia juu ya friji, na vyombo vya shaba alivyoacha bibi vimerudi sandukuni chini ya kitanda.

Kwa hiyo hapa tutaanza na vyombo, kisha ukuta, kisha mbao. Nimechukua mfano wa fleti ya vyumba viwili vya kulala, ya aina iliyojaa Pune na Mumbai, ambayo sebule na mahali pa kulia chakula ni ukumbi mmoja. Ukuta tulionao una upana wa mita moja na nusu. Ukiwa na nafasi kubwa zaidi, ongeza vyumba vya kabati, usitanue rafu. Sababu yake utaiona mbele.

Toa vyombo vyote uviweke sakafuni

Tandika shuka ukumbini, utoe kila kitu: vya jikoni, vya juu ya kabati la nguo, vya kwenye maboksi ya harusi ambayo hayajafunguliwa. Vigawe mafungu matatu, kwa sababu katika nyumba ya Kihindi kila fungu lina maisha yake.

Fungu la kwanza ni vyombo vya kila siku, na sehemu kubwa ni stili. Sinia la kulia, thali, lina kipenyo cha sentimita 28 hadi 33. Vibakuli vyake vya dengu, mtindi na mchuzi, yaani katori, vina sentimita 9 hadi 11, na kwa familia ya watu watano huwa ni dazeni mbili au zaidi. Halafu kuna gilasi za stili, hotipoti za chapati, jagi la maji na vijiko. Fungu hili hutoka na kurudi mara mbili tatu kwa siku, kwa hiyo nafasi yake ni kati ya goti na kifua, mahali ambapo mtu hainami sana wala hapandi kigoda.

Fungu la pili ni vyombo vya wageni: seti ya kauri, seti nyeupe nyepesi za La Opala zinazotolewa zawadi katika harusi nyingi, vyombo vizito vya udongo wa Khurja huko Uttar Pradesh, vikombe na visahani vyake, birika, mabakuli makubwa ya kupakulia yenye vifuniko. Wenye bahati wana na vyombo vya buluu vya Jaipur. Hivyo havifinyangwi kwa udongo wa kawaida bali kwa unga wa mawe ya kwazi na kioo, na huchomwa kwa moto mdogo, ndiyo maana humeguka upesi. Usivirundike kamwe. Kila kimoja kisimame peke yake.

Fungu la tatu ni urithi. Mitungi ya shaba nyekundu, taa na masinia ya shaba ya njano kutoka Moradabad, mabakuli ya kansa, vikombe vya fedha alivyopewa mtoto siku ya kupewa jina. Kansa ni mchanganyiko wa shaba nyekundu karibu asilimia 78 na bati asilimia 22, na ni nzito kuliko inavyoonekana. Fungu hili hukua kila mwaka, kwa sababu siku ya Dhanteras, kuelekea Diwali, familia nyingi hununua walau chombo kimoja cha madini kwa ajili ya baraka. Kabati lisiloacha nafasi ya Dhanteras ijayo limejaa tangu siku ya kwanza.

Sasa pima. Kwa kila aina andika vitu vinne: kipenyo au upana, urefu kutoka chini hadi juu (mshikio na kifuniko vikiwemo), idadi, na uzito wa rundo zima. Usikisie uzito, tumia mizani ya jikoni. Sahani moja ya udongo wa Khurja inaweza kufika gramu 700, kwa hiyo dazeni moja inazidi kilo nane, na uzito huo wote unakaa juu ya duara la sentimita 27. Ukishaona namba hizo utaelewa kwa nini rafu hupinda.

Kuna swali moja la kuuliza kwa adabu na mapema, kabla ya kuchora chochote. Je, nyumba hii ina vyombo vya nyama na vyombo visivyoguswa na nyama? Familia nyingi hazili nyama kabisa. Nyingine wanakula baadhi tu, na vyombo vyao vinatengwa. Majaini, yaani wafuasi wa dini ya Ujaini, wana masharti yao, na wapo wanaoweka vyombo maalumu vya siku za kufunga wakati wa Navaratri, sikukuu ya Kihindu ya siku tisa. Ikiwa kuna utengano, uwe wa ukuta wa mbao kamili na mlango wake, si rafu ya juu na ya chini katika chumba kimoja. Vyombo vya ibada navyo havihesabiwi hapa. Hivyo hukaa penye madhabahu ya nyumbani, na kumwambia mama mwenye nyumba avichanganye na sahani za wageni ni kumkosea.

Soma ukuta

Nchini India mvua za monsuni hufika Kerala mwanzoni mwa Juni na kwa kawaida huingia Mumbai kabla ya katikati ya mwezi huo, zikisukumwa na upepo uleule wa kusi unaopita pwani yetu. Mpaka Septemba kuta za nje za maghorofa hunywa maji. Kabati likiegemezwa kwenye ukuta wa namna hiyo, mgongo wake utaota ukungu bila mtu kujua, mpaka siku harufu itakapotoka kwenye droo.

Jaribio ni rahisi. Kata kipande cha nailoni cha futi mbili kwa mbili, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta matone au ukuta umekolea rangi nyuma yake, tibu ukuta kwanza au chagua ukuta wa ndani unaotenganisha vyumba. Hata ukuta mkavu, ukiwa wa nje, acha nafasi ya sentimita moja na nusu kati yake na mgongo wa kabati ili hewa ipite.

Angalia pia bomba la maji la bafu upande wa pili, soketi iko wapi, mlango unafunguka kuelekea wapi, na feni ya dari iko umbali gani. Kati ya ukingo wa meza ya chakula na uso wa kabati acha sentimita 90 hadi 100. Ikipungua hapo, mtu aliyekaa kitini atalazimika kusimama kila droo inapovutwa.

Wenye nyumba wengi watataka kufuata vastu, elimu ya kale ya mpangilio wa nyumba, ambayo huelekeza samani nzito zikae upande wa kusini au magharibi. Lichukue kama sharti la mteja, kama rangi anayoipenda. Mara nyingi linatimizika bila gharama yoyote iwapo limejulikana kabla ya kuchagua ukuta, na huleta ugomvi mkubwa likijulikana baadaye.

Chora kabati kwa vipimo vya vyombo

Mfano wetu una upana wa milimita 1500 na urefu wa 2100. Umegawanywa vyumba vitatu vilivyo sawa. Mbao nne za wima za milimita 18 zinakula milimita 72, zinabaki 1428, kwa hiyo kila chumba kina upana wa ndani wa milimita 476. Namba hii haikutokea tu. Rundo la sahani za mlo za sentimita 27 na rundo la sahani ndogo za sentimita 18 hukaa pamoja katika 476 na vidole vikabaki na nafasi ya kupita. Hapa pia ndipo sababu ya kutotanua rafu: plaiwudi ya milimita 18 iliyobebeshwa kauri huanza kulegea ikipita sentimita 80 bila mguu wa katikati, na kioo cha rafu cha milimita 8 nisingekipeleka mbali zaidi ya sentimita 60.

Kwa urefu, panga hivi kutoka chini: kitako milimita 100, kabati la chini 760, jiwe la graniti 20, nafasi wazi 450, kabati la juu 770. Jumla ni 2100.

Kitako hicho kisipuuzwe. Nyumba ya Kihindi hupigwa deki kila siku, maji yakimwagwa juu ya marumaru au vigae, na kitambaa chenye maji husukumwa hadi pembeni mwa kila samani. Mbao ikigusa sakafu hiyo itaoza kuanzia chini hata kama ni ya bei ghali. Fanya kitako cha graniti, au cha plaiwudi ya kuhimili maji iliyofunikwa fomeka pande zote sita, na kirudishe ndani sentimita tano ili vidole vya miguu vipate mahali.

Kabati la chini lina kina cha milimita 450. Chumba cha kushoto kiwe droo tatu: ya juu yenye uso wa 150 kwa vijiko na kata, ya kati ya 200 kwa vibakuli, ya chini ya 410 kwa masinia. Masinia yasilazwe. Yasimamishwe kwa wima katika mbao nyembamba za kugawa, kila masinia mawili au matatu na mfereji wake, ili mtu atoe moja bila kuinua kumi. Nakiri kwamba mafundi hulalamikia mifereji hiyo kwa sababu inakula muda, lakini ndicho kitu ambacho mama wa nyumba atakishukuru kila siku, zaidi ya taa na vioo vyote vya juu. Tumia reli za droo za kubeba kilo 45, na sakafu ya droo hizo iwe plaiwudi ya milimita 12. Ile ya milimita 6 ambayo seremala atataka kuitumia itajaa tumbo mapema.

Vyumba vya kati na kulia viwe na milango na rafu moja ya ndani inayosogezwa. Kimoja cha hotipoti, majagi na mabakuli ya kupakulia. Kingine cha fungu lililotengwa kama lipo, au cha mitungi ya achari. Mitungi ile ya kauri yenye rangi ya kahawia juu na rangi ya maziwa chini ni mizito na huvuja mafuta kidogo kwenye mdomo, kwa hiyo iweke chini, juu ya sinia la stili, gizani.

Juu ya graniti, kimo cha sentimita 88 kutoka sakafuni, ndipo chakula cha wageni kinapopangwa, chai inapomiminwa, na hotipoti zinaposubiri duru ya pili. Weka soketi mbili nyuma yake kwa birika la umeme. Wanaotaka kujaza sehemu hii droo ndogo za mapambo nawashauri waiache wazi. Familia ya Kihindi ikipokea wageni wakati wa Diwali, meza ya chakula haitoshi kamwe.

Kabati la juu lina kina cha milimita 320. Ukitoa unene wa mbao za juu na chini na wa rafu mbili za kioo, zinabaki milimita 718 za kugawana. Usizigawe sawasawa. Toa 300 kwa rafu ya sahani zilizosimamishwa, 230 kwa birika na mabakuli, 188 kwa vikombe. Seremala atoboe matundu ya pini kila milimita 32 ili mgawo huo ubadilike vyombo vikibadilika.

Nini kionekane, nini kifichwe

Hapa nina msimamo. Kabati zuri huonyesha robo ya vyombo na kuhifadhi robo tatu. Nyumba nyingi hufanya kinyume, zikaweka seti nzima ya vipande 32 nyuma ya kioo, na matokeo yake huwezi kuona hata kimoja. Ukiwa na vikombe kumi na viwili vya namna moja, simamisha vinne, vingine viende nyuma au chini. Bakuli moja la kansa lenye nafasi pande zote hupendeza kuliko sita zilizobanana.

Shaba na kauri zisichanganywe kwenye rafu moja. Madini yanataka mandhari meusi au ya mbao, kauri nyeupe inataka rangi iliyokolea kidogo: kijani cha majani makavu, buluu ya wino, kahawia ya ukwaju. Kioo cha kujitazamia nyuma ya rafu kimependwa sana katika fleti za miji mikubwa kwa sababu hupanua ukumbi. Ni kweli hupanua, lakini kila kitu kinaonekana mara mbili, pamoja na visigino vya vikombe na vumbi. Kitumie kwenye chumba kimoja tu chenye vyombo vichache.

Rafu zilizo wazi bila mlango zinapendeza kwenye picha. Delhi na Jaipur vumbi huingia hata madirisha yakifungwa, Mumbai na Chennai kuna unyevu wa bahari, na jikoni ya Kihindi hukaanga viungo kwenye mafuta ya moto karibu kila siku, hivyo vumbi hilo hunata. Mende na mijusi nao hawakosi. Weka milango ya kioo, na kwenye ukingo wa mlango bandika brashi nyembamba ya kuzuia vumbi, ile inayouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya milango.

Kwa chumba cha katikati chagua kioo safi. Kwa vyumba vya pembeni chagua kioo chenye mifereji ya wima, kinachoonyesha rangi na umbo lakini kinaficha rundo lisilo nadhifu. Vyote viwe kioo kilichoimarishwa kwa joto, milimita 5 kwa milango na milimita 8 kwa rafu. Kioo hicho hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kuchomwa, kwa hiyo matundu ya vitasa na bawaba yapimwe kabla ya kuagiza. Fundi akikuambia atakitoboa mwenyewe nyumbani, basi alichonunua ni kioo cha kawaida.

Mbao na gundi

Soko la India lina daraja tatu za plaiwudi zinazokuhusu. Ya kwanza hustahimili unyevu kidogo tu na ni ya samani za chumbani. Ya pili huhimili maji ya moto kwa kiasi. Hii na ile ya kwanza zote ziko chini ya kiwango cha ubora cha India kiitwacho IS 303. Ya tatu ni ya kiwango cha IS 710, ile inayoitwa ya baharini. Kwa kabati hili nunua ya pili kwa mwili mzima, na ya IS 710 kwa kitako na mgongo ukiwa ukuta ni wa nje. Tafuta mhuri wa ISI, alama ya ubora ya India, kwenye ubao wenyewe na namba ya kiwango ikiwa imeandikwa. Kisha uangalie ukingo: tabaka ziwe zimeshikana bila mapengo, na ubao ukigongwa kwa kifundo cha kidole usisikike mtupu mahali popote.

Ubao mmoja ni futi 8 kwa 4. Kwa mfano wetu utahitaji takriban mbao tatu za milimita 18, moja ya 12 kwa droo, na moja ya 6 kwa mgongo. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ni laini na hupakwa rangi vizuri, na kwa milango ya mapambo inafaa. Lakini ikinywa maji huvimba na hairudi, kwa hiyo isikaribie sakafu ya kupigwa deki.

Ukipenda mbao halisi kwa fremu za milango, msaji ndio chaguo la wazee, kwa mafuta yake ya asili na uvumilivu wake kwa mchwa. Sheesham, mti wa jamii moja na mpingo wetu, una mishipa ya kahawia inayopendeza sana karibu na shaba. Mwembe ni wa bei nafuu, ila ukaushwe na kutiwa dawa, maana dumuzi wanaupenda.

Nje funika kwa fomeka ya milimita 1 au kwa vinia (tabaka jembamba la mbao halisi) ya msaji, na ndani kwa fomeka nyembamba ya rangi nyepesi. Ndani kusiachwe mbao tupu. Kila ukingo uliokatwa, hata ule usioonekana, uzibwe. Unyevu wa monsuni huingilia ukingoni. Na kama umechagua vinia ya kupakwa vanishi, usipake Julai na Agosti katika miji ya pwani. Hewa ikiwa na maji mengi vanishi hubaki na ukungu mweupe ndani yake. Subiri Oktoba, au peleka milango ikapakwe kiwandani.

Bawaba ziwe za kujifunga taratibu, zile za kikombe cha milimita 35. Mlango wa juu wa milimita 770 unatosha bawaba mbili. Ukipita sentimita 90 weka tatu. Kwa fremu za alumini zipo bawaba zake maalumu, mwambie muuzaji mapema.

Taa

Tumia utepe wa LED wa volti 12 au 24 wenye mwanga wa manjano, kelvini 3000. Mwanga mweupe wa hospitali hufanya shaba ionekane kama plastiki na fedha kama bati. Utepe ukae ndani ya mfereji wa alumini wenye kifuniko cheupe kama maziwa, usipachikwe mtupu.

Mahali pake ni ukingo wa mbele wa ndani, ukielekea nyuma na chini. Wengi huuweka nyuma kabisa, na vyombo vikawa vivuli vyeusi mbele ya mwanga. Rafu za kioo zitapitisha mwanga hadi chini, ndiyo faida yake kubwa. Kifaa cha kupunguza umeme wa nyumba, ambao ni volti 230, kikae juu ya kabati penye hewa na mahali mkono unapofika, kwa sababu ndicho kitakachokufa kwanza.

Kufunga ukutani

Kabati la juu lililojaa kauri linaweza kupita kilo mia. Lishikwe na ukanda wa chuma uliofungwa ukutani kwa boliti za upanuzi, si kwa misumari, na kabati la chini lifungwe pia ili mtoto akivuta droo zote tatu lisimwangukie. Ukuta wa matofali ya kuchoma hushika vizuri. Maghorofa mapya hujengwa kwa matofali mepesi yenye vinyweleo vya hewa, na hayo yanahitaji vishikizi vya aina yake. Muulize msimamizi wa jengo ukuta ni wa nini. Fikiria pia tetemeko la ardhi: Gujarat ilitetemeshwa tarehe 26 Januari 2001, na kaskazini yote ya India iko karibu na Himalaya. Weka ukingo wa milimita 10 mbele ya kila rafu ya sahani zilizosimama, na kufuli ndogo za sumaku kwenye milango ya juu.

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa afanye kabati la chini peke yake, lenye graniti juu, na aachane na lile la juu. Kabati refu lisilofungwa silishauri kwa nyumba yoyote yenye mtoto.

Kufanya kazi na seremala

Mafundi wa India, baadhi yao wakiwa wa ukoo wa useremala kutoka Rajasthan, mara nyingi hufanya kazi ndani ya fleti yako mwenyewe na hutoza kwa futi ya mraba ya uso wa kabati. Kabati letu lina takriban futi 34. Kabla ya kukubaliana uliza bei hiyo inajumuisha nini: plaiwudi ya daraja gani, fomeka ya ndani, bawaba, reli, kioo, taa. Droo tatu zina kazi nyingi kuliko mlango mmoja wa eneo hilohilo, kwa hiyo fundi mwaminifu atadai nyongeza, na ni haki yake. Lipa kwa awamu: kiasi cha vifaa, kiasi kiunzi kikisimama, kiasi milango ikifungwa, na salio droo zikiwa zimepakiwa vyombo vyako na kufunguka bila kukwama.

Panga kalenda pia. Karibu tarehe 17 Septemba mafundi wengi wa kaskazini na mashariki huadhimisha siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi, zana zikapumzishwa na kuheshimiwa. Siku hiyo usitarajie kazi. Na kama unataka kabati liwe tayari kwa Diwali, agizo la kioo liwe limetoka mwezi mmoja kabla. Kila nyumba mjini inataka kitu kilekile wakati uleule.

Msomaji wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam mwenye nyumba ya namna hii anaweza kutumia vipimo hivi karibu vyote bila kubadili. Unyevu wetu ni uleule na deki ni ileile. Tena anayo faida ya zidaka: katika nyumba ya mawe yenye zidaka ukutani, kauri ya maonyesho tayari ina mahali pake, na kabati linaweza kubaki la chini tu.

Kupakia na kutunza

Acha kabati wazi wiki moja kabla ya kuweka chochote, harufu ya gundi itoke. Kisha pakia vizito kwanza, chini, na upime rafu kwa rula siku inayofuata. Ikiwa imepinda kwa zaidi ya milimita mbili tatu, ongeza mguu wa katikati sasa. Vyombo viingie vikiwa vikavu kabisa, hasa vibakuli vilivyopandanishwa, maana tone moja kati yake hukaa wiki nzima. Kati ya sahani za kauri weka duara la kitambaa cha pamba. Ndani ya kila mlango bandika orodha fupi, kwa lugha anayoisoma msaidizi wa nyumbani, ya kinachokaa wapi. Yeye ndiye anayevirudisha.

Fedha ifungwe kwenye kitambaa cha pamba au cha kuzuia weusi, mbali na mpira, sufu na magazeti, pamoja na pakiti ya kunyonya unyevu. Shaba isuguliwe kwa ukwaju na chumvi, isuuzwe, ikaushwe juani. Chombo cha shaba cha kupikia au kuwekea chakula ambacho bati lake la ndani limekwisha kikae kwa kuonyeshwa tu mpaka fundi wa kalai akipake upya, kwa sababu mtindi, limau na nyanya huila shaba tupu.

Oktoba, mvua zikiisha, toa droo zote, papasa mgongo wa kabati kwa kiganja ukitafuta ubaridi wa maji, tazama kitako kama fomeka imeachia, kaza bawaba zilizoshuka, na badilisha pakiti za kunyonya unyevu. Fanya hivyo kabla ya usafi wa Diwali, wakati vyombo bado viko sakafuni.